Mng'oa Kope

Kazi yake ilikuwa kung'oa watu kope. Naiita kazi kwa sababu sijui niiite nini kingine, ingawa hakusomea popote na hakuwa na kibao mlangoni. Asubuhi yoyote isiyokuwa ya Jumapili ungemkuta uani kwake, amekaa juu ya ngozi ya ng'ombe, jua likimpiga mgongoni, na kichwa cha mwanamke wa watu kimelala mapajani mwake.

Kwa asiyetoka kwetu, nieleze. Ugogo wetu ule, vikope ulikuwa ugonjwa wa kila nyumba. Mtoto anaanza na macho mekundu yenye matongotongo, anapona, anaugua tena, anapona tena. Akifika utu uzima, hasa akiwa mwanamke, ngozi ya juu ya jicho imekwisha kujikunja na kope zimegeukia ndani. Kila akipepesa, kope zinakwangua jicho. Nimewaona wanawake wanapepeta mtama huku wamefumba macho, wanalima wamefumba macho, na wengine wanakwenda kanisani wameshikilia ngozi ya jicho kwa kidole ili wapate kumwona anayehubiri. Basi mtu wa hivyo, akisikia kwamba jirani anaweza kumtoa zile kope moja moja na kumpa wiki mbili za nafuu, atakwenda hata kwa magoti.

Tulipakana naye. Kati ya tembe letu na lake palikuwa na uzio wa miiba tu, na uzio wenyewe ulikuwa na mlango wa mama kupita. Alikuwa mkubwa kwa mama kwa miaka kama kumi, kwa hiyo mimi nilimwita mama mkubwa. Kijiji kizima kilimwita Mng'oa Kope, naye aliitika bila kinyongo.

Kibano chake kilikuwa kipande cha bati alichokunjiwa na fundi baiskeli, akakinoa mwenyewe juu ya jiwe mpaka ncha zake zikakutana sawasawa. Kilikaa kwenye pindo la kanga, kimefungwa fundo. Kabla hajaanza alijipaka majivu vidoleni ili ngozi isimteleze, akalifungua jicho kwa dole gumba, akainama karibu sana mpaka pumzi yake ikakugusa uso. Kope aliyoing'oa aliibandika nyuma ya mkono wake wa kushoto. Akimaliza, alimwinua mwenye jicho na kumwonyesha zile nywele. "Haya, mtazame mchawi wako. Ndiye huyu. Na wewe ulikuwa unamsingizia mke mwenzio."

Mtu akipiga kelele alisimamisha mkono na kumwangalia kwa mshangao wa kweli kabisa. "Umezaa watoto saba hatukukusikia. Leo unalilia unywele?" Wanawake wanaongoja zamu walicheka, na mwenye kulia naye alicheka, na kope ikatoka katikati ya kicheko. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yake ya ganzi. Sijamwona mtu mwingine aliyejua kumchekesha mgonjwa kwa wakati barabara namna ile.

Wanaume walikuja kwa kuvizia. Mwenyekiti wa kijiji alikuja siku moja wakati wanawake wote wamekwenda shamba, akamwomba sana asimwambie mtu. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Mng'oa Kope alimsalimia mbele ya watu wote: "Mwenyekiti, yale macho yanaendeleaje? Siku ile ulinibana mkono mpaka leo natafuta vidole." Mwenyekiti hakurudi tena. Miaka michache baadaye alikuwa anaongozwa kwa fimbo.

Fedha hakupokea. Hata ilipofika miaka ya ruksa, maduka yakajaa sabuni na mitumba, na watu wakaanza kushika noti, yeye alizirudisha. "Nikanunue nini? Sketi ya Mzungu?" Malipo yake yalikuwa maji. Ndoo moja kwa macho mawili. Aliyekuwa na jicho moja zima naye alileta ndoo nzima, kwa sababu safari ya mtoni ni ileile. Na safari yenyewe haikuwa mchezo. Kiangazi mto wetu ulikuwa mchanga mtupu. Wanawake walichimba mashimo kwenye mchanga huo, wakangoja maji yajikusanye, wakachota kwa kata, kidogo kidogo, na walioondoka alfajiri walirudi jua limesimama.

Yeye mtoni alikuwa haendi. Mguu wake wa kulia ulikuwa umepinda chini ya goti. Aliwahi kuanguka kutoka juu ya tembe akianika mtama, mfupa ukavunjika, na walipoleta kitanda wambebe kwenda zahanati aliwafukuza. Alijifunga mwenyewe kwa vijiti na kamba za ngozi, mama akimshikia, na mama alisimulia kwamba mwenye mguu alikuwa kimya na mshika vijiti ndiye aliyekuwa analia. Mfupa ukaunga vibaya. Akitembea, unyayo ulitazama pembeni. "Mimi nakwenda Dodoma, mguu wangu unataka kwenda Iringa," alisema. "Tunagombana njia nzima."

Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume. Huyo alikwenda Mtera kuvua samaki na kule akazama katika maisha yake mwenyewe. Mara moja alimtumia mama yake fungu la samaki wa kukaushwa, likafika limefungwa kwa gazeti, na baada ya hapo hakuna salamu wala barua. Nakumbuka alitugawia wale samaki. Alinipa mmoja mkononi na kuniambia, "Kula, huyo ndiye mjukuu wangu." Nilikuwa mdogo, nikaogopa kula. Akanicheka, kisha akamla yeye, na miiba yote.

Sasa niseme lile lililonisumbua muda mrefu kabla sijajua linanisumbulia nini. Nyumbani kwetu maji yalikuwa na foleni. Ndama kwanza, halafu chungu cha ugali, halafu baba. Uso wa mtoto haukuwamo. Kumwosha mtoto uso kwa maji yaliyotoka mtoni kichwani kwa mtu kulionekana ufujaji, na mwanamke mwenye tabia hiyo alisemwa. Mng'oa Kope ndiye aliyewasema kuliko wote. Inzi wakikujaa machoni alifurahi. "Inzi wanajua penye maziwa," alisema. "Mtoto asiye na inzi, mwulizeni baba yake ng'ombe wamekwenda wapi." Walipokuja watu wa afya kutufundisha kutundika kibuyu chirizi, chenye tundu dogo la kunawia, aliwapigia makofi kuliko wote na kuwaomba wamwachie kimoja. Akawekea humo mbegu za maboga.

Lakini yeye alinawa. Kila asubuhi, nyuma ya nyumba, kwa kata moja iliyojaa. Nilikuwa namwona kupitia miiba. Alinawa polepole, amefumba macho, akipitisha vidole juu ya kope kama anayepapasa kitu kilichoshonwa. Nilidhani ni haki ya wakubwa. Sikumwambia mtu.

Mama alikuwa mteja wake wa kwanza na rafiki yake wa kufa na kuzikana. Nyumbani mama alikuwa mtu wa maneno machache. Alikuwa akisema "ndiyo", akisema "haya", akanyamaza. Akivuka ule mlango wa miiba na ndoo yake kichwani, akawa mtu mwingine. Nilisikia kicheko chake kutoka kwetu na nikaona wivu. Kila baada ya wiki mbili alilaza kichwa pale mapajani, na mara nyingine, hata kope zilipokuwa zimekwisha, hakuinuka. Alibaki amelala hapo anasimuliwa habari za watu.

Nilipokuwa darasa la nne jicho lake la kulia lilipata doa jeupe. Nilipokuwa la sita lilikuwa jeupe lote. Hatukujua, na hakuna aliyetuambia, kwamba kope iliyong'olewa inaota tena ikiwa fupi na ngumu, na ile ngumu inachoma kuliko ya mwanzo. Tulichojua ni kwamba Mng'oa Kope amefanya aliloweza, na Mungu amefanya lake.

Mwaka wangu wa darasa la saba wakaja madaktari wa macho. Walikaa siku tatu zahanati, bure kabisa, wakitangaza kwamba wanapasua kidogo ngozi ya jicho na kuigeuza ili kope zitazame nje. Dakika chache tu, mtu anakwenda nyumbani. Mama alifua kanga. Aliniambia nisiende shule kesho, nimsindikize. Sijapata kumwona amekata shauri namna ile.

Jioni alivuka kumuaga rafiki yake, nami nikamfuata. Uani palikuwa na wanawake sita au saba, wote wakiwa na mpango uleule. Mng'oa Kope aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka kibano chini.

"Nendeni," alisema. "Ila mjue kulala. Wakikukata pale, jicho halifumbi tena. Utalala umelikodoa kama samaki wa Mtera sokoni. Mume atageuka usiku, akute unamtazama."

Akatuonyesha. Alilala chali kwenye ile ngozi ya ng'ombe, akakodoa macho, akaacha mdomo wazi, akakoroma. Wanawake walianguka. Mama alicheka mpaka akakaa chini, machozi yakimtoka kwenye lile jicho zima na kwenye lile jeupe. Na mimi nilicheka. Nilicheka sana, nikamwiga nilipofika nyumbani, nikamchekesha na baba. Kesho yake mama aliniambia niende shule.

Hakwenda hata mmoja wa wale wanawake. Nimelifikiria jambo hili kwa miaka mingi, na bado sijui nimchukie nani zaidi, aliyelala chali akakodoa macho au sisi tuliocheka.

Nilimaliza shule nikaenda Dodoma mjini kujifunza cherehani, nikapata kibaraza cha kurekebisha mitumba, nikaolewa, nikazaa. Nyumbani nilirudi mara mbili tu katika miaka hiyo, mara moja kwa msiba wa baba. Kwenye msiba mama alinishika uso kwa mikono miwili na mimi nikadhani ni huzuni. Mwaka uliofuata mtu wa kwetu alikuja kibarazani na kuniambia bila kuzunguka, "Mama yako anapapasa kuta." Nilifunga kibaraza siku hiyohiyo.

Nilimpeleka hospitali ya misheni. Daktari alisema atamgeuza kope na maumivu yatakwisha, lakini jicho lililobaki limeshakwanguliwa vibaya. Ataona mwanga na vivuli, basi. "Angekuja miaka michache nyuma," alisema, akaishia hapo. Mama alipoingizwa ndani nilikaa kwenye benchi, na muuguzi mmoja mzee, mwanamke mfupi aliyekaribia kustaafu, akakaa karibu nami.

"Nani alikuwa anamng'oa?" aliuliza. "Kope zimekuwa kama brashi."

Nikamtajia jina lake halisi. Aligeuka akanitazama vizuri.

"Huyo? Yule mchekeshaji? Huyo nilimshikia taa kwa mkono huu akifanyiwa, mimi bado msichana. Macho yote mawili, yakapona vizuri. Wodi nzima tulilia alipoondoka. Alituahidi atatuletea wenzake wote wa kijijini." Akatikisa kichwa. "Tulimngoja sana."

Sikumwambia mama. Nilikaa naye hospitali mpaka nyuzi zilipotolewa, nikimlisha, nikimpeleka chooni, na moyoni nikipanga maneno. Nilitaka niyaseme mbele ya mwenyewe. Kwa hiyo tuliporudi nyumbani na mama akasema, kabla hata hajakaa, "Nivushe nikamsalimie dada," nilimshika mkono kwa furaha mbaya.

Uani palikuwa patupu. Madaktari wa macho sasa walikuwa wanakuja kila mwaka, na waliofanyiwa walikuwa wanalala wamefumba macho kama kawaida, na habari hiyo ilitosha kumaliza biashara ya kibano. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, amekonda, ule mguu umenyooshwa kuelekea kwake Iringa. Pembeni yake palikuwa na dumu moja la maji ya kununua kwa vijana wa mikokoteni. Nilimwamkia, shikamoo, kwa sababu nimelelewa. Akaitikia marahaba. Mama alikaa chini karibu na goti lake bila kuambiwa pa kukaa.

"Wamekushona?" aliuliza.

"Wamenishona, dada."

"Na unalala umefumba?"

"Nafumba vizuri tu."

"Basi samaki nilimsingizia," alisema Mng'oa Kope, na mama akaanza kucheka.

Hapo ndipo nilipolipuka. "Mama mkubwa, ulijua kwamba yanafumba! Wewe mwenyewe ulifanyiwa. Macho yote mawili. Ulijua!"

Mama aliacha kucheka. Mng'oa Kope hakushtuka. Alinitazama kwa yale macho yake mazima.

"Nani kakwambia?"

"Muuguzi aliyekushikia taa."

"Yule mfupi? Bado yupo?" Akatabasamu kidogo. "Alikuwa na mkono mwepesi."

"Mwaka gani?" Mama ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya chini.

"Kabla hujaja kuolewa hapa. Hapa niliaga nakwenda kwa ndugu. Nilirudi nina nia ya kuwapeleka wote, Mungu ananiona. Nikawa nasema leo, nasema kesho, baada ya mavuno. Halafu nikaanguka." Akaugusa ule mguu. "Mtoto wangu naye akaenda zake. Mkaniletea maji. Wewe uliniletea miezi miwili kila siku, na mimba yako tumboni. Kisha ukajifungua huyu." Alinionyesha kwa kidevu. "Ukaacha."

"Nilikuwa na mtoto mchanga, dada."

"Ndivyo. Sikukulaumu. Na yule mwingine alikuwa anauguza, na yule mwingine mume kamkataza. Kila mmoja alikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa ya kweli. Nilikaa siku mbili humu ndani sina hata tone. Siku ya tatu ukaja wewe na macho yako mekundu, mtoto mgongoni, unalia. Nikakung'oa kope nne kwa kucha. Kesho yake ukaniletea ndoo ya shukrani." Akapapasa pindo la kanga. "Nikamtafuta fundi baiskeli."

"Ungesema," mama alisema. "Ungesema tu, ningekuletea."

"Ungeniletea mwezi mmoja. Kope ndizo hazikuwa na udhuru, mwenzangu. Wiki mbili zikiisha, zimeota."

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. Nilikuwa na maneno makali ya kumrushia mtu anayekana, anayeapa, anayelia. Kwa huyu sikuwa nayo. Nilisema kitu, nadhani nilisema kwamba amemuua mama yangu akiwa hai, na sauti yangu ilikuwa kubwa kwa sababu jirani wa pili alitokeza. Mng'oa Kope aliinamisha kichwa. Sikumwona akilia. Na mimi, nikisimama pale, nilijua kwamba katika ile foleni ya waliomnyima maji nilikuwemo, tena mbele, na hilo lilinikasirisha kuliko yote.

Nilidhani mama atamtukana, na nilitamani amtukane. Nilitaka hata ateme mate.

"Huyu nilimwona vizuri mara ya mwisho ana sare ya shule," alisema mwishoni, akigeuza uso kunielekea, au karibu na nilipo. "Kwenye msiba niliona kivuli tu, nikampapasa, nikashindwa. Siku hizi amefanana na nani?"

Hakuniuliza mimi. Mng'oa Kope aliinua kichwa, akanitazama kuanzia juu.

"Pua ni yako," alisema. "Hilo halina ubishi. Mdomo ni wa marehemu, na ameufunga vilevile kama marehemu alipokuwa anahesabu ndama waliopotea. Amenenepa kidogo. Uzazi umemkubali."

"Na macho?"

"Makubwa. Yamekasirika."

"Yamekasirika sana?"

"Sana. Yanampendeza."

Mama alicheka. Kilikuwa kile kicheko cha uani, kilekile nilichokuwa nakisikiliza nikiwa mtoto upande wa pili wa miiba, na hata siku hiyo hakikuwa changu.

"Ana uzee wowote? Mvi?"

"Ngoja." Mng'oa Kope alikaza macho. "Uzee umeniingia na mimi, siku hizi sioni mbali. Kutoka huku simpati."

Mama akanyoosha mkono hewani, akanitafuta. "Sogea, mwanangu," alisema. "Sogea akuone, aniambie."

Nilimchukia Mng'oa Kope kuliko ninavyoweza kuandika. Nikapiga magoti mbele yake, nikainua uso.